Mkataba wa uwakala wa siku 90: unalinda kamisheni, lakini mteja akikushinda haukusaidii kutoka

Mkataba wa wakala wa pekee, yaani wa kumpa wakala mmoja tu kazi ya kuuza nyumba, ni karatasi tatu au nne, na sahihi mbili kwenye ukurasa wa mwisho. Mawakala wengi wa Nairobi humpa mwenye nyumba fomu hii kabla ya kutundika bango Kileleshwa au kupiga picha za nyumba ya South C. Huzunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine, jina la kampuni likibadilishwa juu na makosa yakibaki yaleyale chini. Hapa tunaipima kwa swali moja tu: mwenye nyumba akiwa msumbufu kupita kiasi, je, mkataba huu unamwezesha wakala kumwacha bila kupoteza haki yake na bila kumuumiza mnunuzi? Kwa kulinda malipo, ni mzuri. Kwa kuachana na mteja, ni dhaifu. Tunaupa alama 3 kati ya 5, na vifungu vitatu vikiongezwa tungeupa 4 bila kusita.

Tuanze na uzuri wake. Neno "pekee" linamzuia mwenye nyumba kuwagawia madalali watano nyumba moja, kila mmoja akaitangaza kwa bei yake. Mnunuzi akikuta fleti ileile mtandaoni kwa milioni 13.5, 14 na 15, hamwamini yeyote kati yao, na ana haki. Siku 90 zinatosha kwa picha, matangazo, wiki kadhaa za kuonyesha nyumba na majadiliano. Kifungu cha ulinzi nacho ni cha maana: mnunuzi uliyemleta akirudi mlango wa nyuma ndani ya siku 60 baada ya mkataba kuisha, kamisheni yako bado inadaiwa.

Kwenye hesabu ya kamisheni fomu nyingi zinateleza. Kwa kawaida kamisheni ya mauzo jijini ni kama asilimia 3. Nyumba ya shilingi milioni 14 inatoa 420,000. Wakala aliyesajiliwa kutoza VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anaongeza asilimia 16, yaani 67,200, na jumla inakuwa 487,200. Fomu ikisema "asilimia 3" na kunyamaza hapo, hizo 67,200 zitaleta ugomvi siku ya malipo, na mteja ambaye angekuwa mpole hadi mwisho atageuka mgumu. Andika "kabla ya VAT". Andika pia kamisheni inaiva lini: mkataba wa mauziano unapotiwa sahihi, au uhamisho unapokamilika. Kati ya siku hizo mbili huwa kuna kama siku 90, na humo ndimo wateja wengi hubadilika. Namba yako ya usajili chini ya Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, iwe kwenye ukurasa wa kwanza. Ukimdai mteja anayeijua sheria na hujasajiliwa, ataanzia hapo.

Sasa mapungufu. La kwanza ni bei. Fomu ina mstari mmoja, "bei inayotarajiwa", na mwenye nyumba anaujaza kwa kukisia. Kisha anakuambia, "Wewe leta mtu tu, bei tutaongea mbele." Wakala anayejibu "Sawa, mzee" ameshaanza kufanya kazi bila bei. Panatakiwa mistari miwili, kila mmoja na sahihi yake: bei ya kutangaza, na bei ya chini kabisa anayoikubali. Hii ya pili haionyeshwi mnunuzi. Kazi yake ni kukupa kipimo. Ofa ya maandishi ikifika kwenye bei hiyo, ikiwa na barua ya benki inayoonyesha pesa zipo, halafu mwenye nyumba akapandisha, mwandikie siku hiyohiyo umkumbushe alichotia sahihi. Mara ya kwanza mtu anaweza kuwa ameogopa tu, au ndugu amemshauri vibaya. Akirudia kwa mnunuzi wa pili, achana naye. Huyo hauzi nyumba. Anataka kujua thamani yake, na anaijua kwa mafuta yako na kwa jina lako.

Pengo la pili ni hati, nalo ndilo zito. Fomu inasema mwenye nyumba "anathibitisha kuwa mali ni yake". Uthibitisho huo hautoshi. Kabla ya tangazo lolote, ambatanisha nakala ya hati miliki, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), matokeo ya upekuzi rasmi wa rejista ya ardhi kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za ardhi uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, na risiti za kodi ya ardhi ya kaunti. Kwa ardhi ya kukodishwa na serikali, ongeza risiti za kodi hiyo. Kwa fleti, ongeza taarifa ya ada za huduma kutoka kwa wasimamizi wa jengo. Mteja apewe siku 14 kuzileta.

Usomaji wa matokeo ya upekuzi unataka utulivu, kwa sababu mawakala wengi huwakimbia wasiopaswa kukimbiwa. Rehani ya benki si sababu ya kumwacha mtu. Benki itatoa barua ya salio, mawakili watapanga deni lilipwe kutoka kwenye pesa za mauzo, na kazi inaendelea. Zuio lililowekwa kwenye rejista na mke, mume au ndugu ni jambo jingine: simamisha matangazo hadi liondolewe. Jina la marehemu kwenye hati ni kubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ardhi na nyumba za marehemu haziuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Mtoto anayekuambia "sisi kama familia tumeelewana" hajakupa kitu cha kuuza. Na kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mwenzi. Mume anayesema "huyo usimhusishe" anakuingiza kwenye kesi. Mpe zile siku 14. Zikipita bila karatasi, toka.

Pengo la tatu ndilo lililotuzuia kutoa alama 4. Nakala nyingi zinampa mwenye nyumba haki ya kuvunja mkataba kwa notisi, na kuhusu wakala hazisemi lolote. Maneno kama haya yangetosha:

"Wakala anaweza kumaliza mkataba huu kwa notisi ya maandishi ya siku 7. Notisi haitahitajika iwapo mwenye mali amemtaka wakala atoe taarifa ya uongo, avunje sheria, au amekosa kuonyesha hati ndani ya siku 14. Haki ya kamisheni kwa wanunuzi waliotajwa katika orodha ya mwisho itaendelea kwa siku 60."

Wakili wa mwenye nyumba pengine atapinga sentensi ya mwisho, akisema wewe ndiye uliyeondoka. Kubali siku 30. Kinachokulinda hasa ni ile orodha ya wanunuzi.

Kifungu kikishakuwepo, kitumike lini? Kisitumike kwa mteja mkali, anayepiga simu saa tatu usiku, anayekataa picha zako mara mbili au anayetaka ripoti kila Ijumaa. Huyo mwekee saa za simu na umtumie ripoti yake. Mara nyingi wateja wa aina hii huuza na hulipa.

Kitumike siku hiyohiyo kwa anayetaka uongo. Mfano wa kawaida: bei halisi ni milioni 14, lakini anataka mkataba useme milioni 9. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hiyo mnunuzi anaokoa 200,000. Faida kubwa ni ya muuzaji: kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na milioni 5 zilizofichwa zinamwondolea kodi ya 750,000. Mthamini wa serikali huitathmini mali kwa ajili ya ushuru, na milioni 9 kwa fleti ambayo majirani wameuza 14 zitaonekana. Tena mnunuzi akija kuuza, ile milioni 9 ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yake, na kodi iliyokwepwa itamwangukia yeye. Vivyo hivyo kwa anayekuagiza uwaambie wanunuzi kisima kinatoa maji wakati pampu haifanyi kazi, au anayepaka rangi juu ya unyevu wa ukuta asubuhi ya maonyesho na kukutaka unyamaze. Na anayesema "usiniletee watu wa kabila fulani" anakutaka uubebe ubaguzi unaokatazwa na Kifungu cha 27 cha Katiba. Usimbebee.

Pesa zenye shaka zina utaratibu wake. Wakala wa nyumba ni miongoni mwa wanaolazimika kutoa taarifa chini ya sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa ya 2009. Ukishuku, ripoti kwa Kituo cha Kuripoti Fedha bila kuchelewa, na usimwambie mteja kwamba umeripoti, kwa sababu kumdokezea ni kosa. Barua yako ya kuondoka iseme tu kwamba unamaliza mkataba kwa mujibu wa kifungu fulani.

Kwa nyumba za kupangisha fomu hii haifai kabisa, zina mkataba wake wa usimamizi. Ila kipimo ni kilekile: mwenye nyumba anayekutuma ung'oe mlango wa mpangaji anayedaiwa, au ufunge duka lililo chini ya Sura ya 301, sheria inayolinda wapangaji wa biashara, bila notisi ya miezi miwili na bila kupitia baraza la migogoro ya wapangaji hao, mrudishie funguo.

Kuondoka kwenyewe ni kazi ya siku moja ukijipanga. Tuma barua kwa baruapepe, na nakala kwa mkono isainiwe. Ambatanisha orodha ya wanunuzi ulioonyesha nyumba, jina na tarehe. Rudisha funguo na nakala za hati, na uchukue risiti inayotaja kila kimoja. Usizuie hati ya mtu ili akulipe. Dai lako lipeleke kwa njia yake, la sivyo wewe ndiwe utakayeshtakiwa. Kama alikupa pesa za matangazo, rudisha zilizobaki pamoja na hesabu. Ondoa bango na matangazo ya mtandaoni jioni hiyo, kwa sababu tangazo lililosahaulika litaendelea kukuletea simu za nyumba isiyo yako. Wanunuzi waambie kwamba huwakilishi tena mali hiyo, basi, bila kumchafua mtu. Faili lako, pamoja na nakala za vitambulisho, lihifadhiwe kwa kufuli miaka 7.

Wakala akitaka kuondoka baada ya ofa kukubaliwa na amana ya asilimia 10 kulipwa, atulie kwanza. Amana iwe kwa wakili, kamwe isiwe kwenye akaunti yako. Ikiwa iko kwa wakili, unaweza kutoka bila kumwacha mnunuzi mikono mitupu. Ikiwa iko kwako, huwezi kutoka hadi ihamishwe kwa wakili na pande zote mbili zithibitishe kwa maandishi.