Seti ya gesi ya HHO kwenye injini ya petroli: uzoefu wangu

Gesi ya HHO ni haidrojeni na oksijeni zinazopatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa gari, na seti zake huuzwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta. Seti niliyofunga ni ya kawaida: seli kavu (ndiyo inayopasua maji) ya mabamba 7 ya stenlesi, chupa ya mapovu, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kidhibiti umeme na mpira wa gesi. Injini ni ya silinda 4, cc 1500. Kwa ufundi naipa alama nzuri. Kwa kupunguza mafuta siipi hata moja.

Mabamba 7 yanatoa vyumba 6, na alternata ikitoa volti 13.8 kila chumba kinapata 2.3. Hapo ni pazuri. Ukipunguza vyumba, umeme unaozidi unaishia kuchemsha maji tu. Mabamba yawe ya stenlesi ya daraja la 316L. Ndani weka potasiamu haidroksaidi kwenye maji yaliyokenekwa ili yapitishe umeme, uongeze kidogo kidogo hadi zifike ampea 15 seli ikiwa imeshapata moto. Ukipima ikiwa baridi umejidanganya, maana joto likipanda seli huvuta umeme zaidi, na umeme huo huzidi kuipasha. Bila kidhibiti, fyuzi ya ampea 20 itaungua njiani. Chumvi ya mezani usiitie kabisa, inatoa klorini.

Relei iwashwe na swichi ya presha ya oili, si ufunguo peke yake. Injini ikizimika ufunguo ukiwa umewashwa, gesi huendelea kujaa kwenye njia ya hewa, na hiyo gesi ina oksijeni yake ndani: inangoja cheche tu. Maji ya chupa ya mapovu ndiyo yanayozima moto ukirudi nyuma, kwa hiyo yasishuke chini ya nusu. Yabadilishe pia, la sivyo ukungu wa potasiamu haidroksaidi unapita na kuila throto (mlango wa hewa ya injini) ya alumini. Hili wauzaji hawaligusi.

Sasa hesabu. Ampea 15 kwenye vyumba 6 hutoa takriban lita 1 ya gesi kwa dakika, theluthi mbili yake haidrojeni. Nishati yake ni kama wati 115. Seli imekula wati 207, na alternata, kwa upotevu wake, imeidai injini zaidi ya 350. Injini nayo hugeuza kama robo tu ya joto kuwa kazi, hivyo zinarudi wati 30 hivi. Gari linalochoma lita 6 kwa saa linakula petroli ya takriban wati 53,000; huo mchango hauonekani hata kwa darubini.

Haidrojeni yenyewe haina kosa. Mwali wake huenda kasi mara kadhaa kuliko wa petroli, na huwezesha injini kuwaka vizuri kwa mchanganyiko wenye hewa nyingi. NASA ilichapisha majaribio ya namna hiyo mwaka 1977, ila haidrojeni yao ilitoka kwenye mitungi na mtambo wa methanoli, si kwenye alternata.

Seti nyingine huja na kisanduku cha kudanganya sensa ya oksijeni ya ekzosi, ambayo kompyuta ya injini huitumia kupima petroli. Hapo mafuta yanaweza kupungua kweli, kwa kuwa kompyuta imebana petroli. Ila kichocheo cha ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi) hakiondoi oksidi za naitrojeni hewa ikizidi, na ukibana kupita kiasi injini inaanza kukosa moto. Ukitaka kujua kinachofanya kazi ni kipi, chomoa fyuzi ya seli, acha kisanduku kikiwaka, kisha upime mafuta tena kwa njia ileile.