Nimenyooshwa shingo mara nne hapa Mbeya, shingo nafuu ila wasiwasi bado

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, asubuhi mpaka jioni nimeinama, na hii baridi ya Juni ndo kabisa mabega yanapanda mpaka masikioni. Shingo ilikaza hadi nikitaka kuangalia bajaji inayokuja nyuma nageuka mwili mzima. Na juu ya hapo nina ule wasiwasi, ghafla moyo unaenda mbio, vidole ganzi, pumzi haitoshi, unaona unakufa hapohapo kwenye kiti. Dada akanipeleka kliniki moja ya kiropraktiki, hii tiba ya kunyoosha mifupa aliyoianzisha Palmer kule Marekani 1895.

Huduma ya shingo nzuri sana. Pasafi, yule kaka anakukanda kwanza na taulo la moto, taratibuu, halafu ndo anageuza shingo inalia ko. Mara ya pili tu nikaanza kugeuka, na usingizi ukarudi maana maumivu yalikuwa yananiamsha saa tisa usiku. Elfu 30 kila ukienda, kwa shingo sijutii.

Tatizo ni alichoniahidi. Eti mfupa wa juu wa shingo umehama umebana mshipa wa fahamu ndo unaleta hofu, nije mara 12 itaisha. Nikaamini nikalipia 6 kabisa. Mara ya nne natoka pale mwepesi, nafika Kabwe kwenye daladala moyo ukaanza vilevile, nikalia mbele za watu. Kesho yake hospitali, wakapima moyo na tezi ya shingo, daktari akanielewesha kuwa ukiwa na hofu muda mrefu misuli ya shingo na mabega inakaza yenyewe, kwahiyo shingo yangu ndo ilikuwa inaifuata hofu. Ugonjwa wa wasiwasi una tiba yake, mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili na dawa kama sertraline, ambayo inataka wiki kadhaa ndo uione kazi yake. Mimi niko wiki ya sita na daladala napanda.

Na kingine jamani, hakuniuliza presha wala kizunguzungu kabla ya kugeuza! Kuna mishipa ya damu inapita kwenye mifupa ya shingo kwenda kwenye ubongo, ikichanika unaweza kupata kiharusi, ni mara chache sana ila ipo, muulizeni kabla hajamshika mama yako.

Kukandwa nitarudi, kugeuzwa shingo hapana. Hela ya zile mara mbili zilizobaki, elfu 60, nimeomba, wanasema nisubiri mwezi ujao.