Uchambuzi: Mita 400 Kutoka Kwako, na Kile Ambacho Umbali Huo Unafichua

Ndugu watazamaji, karibuni. Kwa wiki tatu nimekuwa nikitumia simu mbili, moja yangu na nyingine ya mdogo wangu, kupima kipengele kinachopatikana katika programu nyingi za kijamii: kile kinachokuonyesha watu walio karibu nawe na kukuruhusu kuanza kuzungumza nao ingawa hamjuani. Sambamba nacho nimepima kipengele cha kumtumia mtu unayemfahamu lokesheni yako ili akuone ukisogea kwenye ramani. Watu wengi huvichukulia viwili hivi kuwa kitu kimoja, kwa sababu vyote huomba ruhusa ileile ya simu. Baada ya majaribio yangu naona kwamba tofauti yake ni kubwa, na kwamba kile cha watu wa karibu, kwa namna ambavyo kampuni nyingi zimekitengeneza, hakistahili kupewa ruhusa hiyo.

Nianze na kile ninachokisifu. WhatsApp ilianzisha lokesheni ya moja kwa moja mwezi Oktoba 2017, na hadi leo muundo wake wa msingi ni uleule: unachagua mtu au kundi, kisha unachagua muda, ama dakika 15, ama saa 1, ama saa 8, na muda huo ukiisha simu huacha kutuma bila wewe kukumbuka kuizima. Taarifa hiyo husimbwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anayeiona ni yule uliyemtumia. Katika mipangilio ya faragha ipo orodha ya mazungumzo yote ambayo unayatumia lokesheni kwa wakati huo, na unaweza kuyasimamisha yote kwa pamoja. Nimeitumia mara nyingi nikimsubiri mama anaposafiri usiku, na kila mara imenitendea haki. Nina angalizo moja tu: muda ukiisha, kipande kidogo cha ramani hubaki ndani ya mazungumzo, na mpokeaji akikigusa huona mahali pa mwisho ulipokuwa. Ukituma kwenye kundi la watu mia mbili, basi wote mia mbili wanabaki na alama hiyo.

Sasa tuje kwenye kipengele cha watu wa karibu, ambacho ndicho kilichonifanya niandae video hii.

Programu niliyoipima, ambayo sitaitaja jina kwa sababu tabia hii haiko kwake peke yake, haionyeshi ramani. Inaonyesha picha ya mtu, jina alilojipa, na umbali uliokadiriwa hadi mia iliyo karibu: mita 400, mita 700, na kadhalika. Mtumiaji akitazama orodha hiyo huona kwamba amefichwa vya kutosha, kwa maana mita 400 zinaweza kuwa upande wowote. Nilitaka kujua kama hilo ni kweli. Nilimwomba mdogo wangu akae ndani ya jengo lolote atakalolichagua bila kuniambia, afungue programu, na asubiri. Yeye alijua kwamba ninamtafuta na alikubali. Hilo ni muhimu, na nisingependa mtu yeyote arudie jaribio hili kwa mtu asiyejua.

Tazameni mchoro ulio kwenye skrini. Nikiwa hapa, programu iliniambia kuwa yuko mita 400. Maana yake ni kwamba yupo mahali fulani kwenye mzingo wa duara ambalo mimi ni kitovu chake. Nilihamia sehemu ya pili nikapata duara la pili, na maduara mawili hukatana katika nukta mbili. Nilipohamia sehemu ya tatu, ilibaki nukta moja. Hesabu hii ndiyo ambayo simu yenyewe huitumia kujitambua kwa setilaiti za GPS, zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia: kila setilaiti huipa simu umbali, na umbali kadhaa ukiunganishwa hutoa mahali. Kwa hiyo programu inayokupa umbali wa mtu imekwisha kukupa mahali alipo. Imekuachia tu kazi ya kuchora.

Huenda mtu akasema kwamba makadirio ya mita mia yanaharibu hesabu hiyo. Mimi pia nilidhani hivyo, na jibu nililolipata ndilo lililonishtua zaidi katika wiki zote tatu. Nilitembea polepole huku nikitazama skrini hadi pale ambapo 400 iligeuka kuwa 500. Namba iliyokadiriwa hadi mia iliyo karibu hugeuka inapofika 450, na kwa hiyo pale ilipogeuka nilijua kwamba mdogo wangu yuko mita 450 kutoka nilipo, kwa uhakika mkubwa kuliko namba yoyote iliyokuwa imeandikwa pale. Nilifanya hivyo mara tatu, katika pande tatu. Maduara yangu yalikutana juu ya majengo matatu yaliyoshikana, naye alikuwa ndani ya lile la katikati. Kazi nzima haikufika saa moja, kwa miguu. Mwenye nia mbaya hahitaji hata kutembea, kwa sababu zipo njia za kuidanganya simu iamini kwamba iko mahali pengine, na mtu akaizunguka nyumba yako akiwa amekaa kitini kwake.

Udhaifu huu si ugunduzi wangu, na hilo ndilo linalonisikitisha. Mwezi Februari 2014 kampuni ya usalama iitwayo Include Security ilieleza kwamba Tinder, programu ya kutafuta wachumba, ingawa ilionyesha umbali kwa maili kamili kwenye skrini, nyuma ya pazia ilikuwa ikituma kwenye simu umbali wenye desimali nyingi, kiasi cha kuweza kumpata mtu kwa kosa la takriban mita 30. Kasoro hiyo ilikuwa imerekebishwa kabla ya kutangazwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 2024, watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji walichunguza programu 15 za kutafuta wachumba, na katika 6 kati yake waliweza kubaini alipo mtumiaji kwa usahihi wa kutisha. Kampuni zilizohusika zilifanya marekebisho baada ya kuarifiwa. Lakini muongo mzima ulikuwa umepita, na jiometria ilikuwa ileile.

Telegram ina historia ya kuzingatiwa hapa. Ilileta kipengele chake cha watu wa karibu mwaka 2019, kikiwa kimezimwa hadi mtumiaji akiwashe mwenyewe. Mapema mwaka 2021 mtafiti mmoja alionyesha kwamba kwa umbali wa sehemu tatu aliweza kufika kwenye makazi ya mtu, na msimamo wa Telegram ulikuwa kwamba wanaokiwasha wamekubali wenyewe kuonyesha walipo. Hatimaye, Septemba 2024, kipengele hicho kiliondolewa. Pavel Durov, mwanzilishi wake, alieleza kwamba kilitumiwa na chini ya asilimia 0.1 ya watumiaji na kwamba kilikuwa kimesumbuliwa na roboti, yaani akaunti zinazojiendesha bila mtu, na matapeli. Ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ingawa ningetamani ungefanywa miaka mitatu kabla.

Je, kipengele hiki kinaweza kutengenezwa vizuri? Kinaweza, na nataka wasanifu wa programu wanaotazama wanisikilize hapa. Makosa hutokea pale ambapo programu inahesabu umbali kutoka mahali halisi, kisha ndipo inakadiria jibu. Inatakiwa ianze upande wa pili: mahali penyewe pakadiriwe kwanza, kabla hapajatoka kwenye simu, na umbali uhesabiwe kutoka hapo palipokadiriwa. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Ukiandika lokesheni kwa nyuzi zenye desimali tatu, umebakiza usahihi wa takriban mita 111; ukiandika kwa desimali mbili, ni kilomita 1.1 hivi. Mtu akichora maduara elfu moja kwa lokesheni ya desimali mbili, yote yatakutana kwenye nukta ambayo si nyumba ya mtu yeyote hasa, na watu wote wa eneo hilo watakuwa wamekaa juu ya nukta hiyo moja. Kwa anayetaka kumpata mwenzake wa kucheza naye mpira au kujifunza naye lugha, kilomita moja inatosha kabisa.

Kuhusu mazungumzo yenyewe sitakaa sana. Katika wiki tatu nilipokea ujumbe kutoka kwa watu 31. Wengi walikuwa wakitangaza bidhaa, au walitaka tuhamie programu nyingine kabla hata hatujasalimiana vizuri, na hiyo ya pili ni dalili ambayo mtu asiipuuze, kwa sababu anayekuhamisha haraka anatafuta mahali ambapo hakuna wa kumripoti. Wawili walikuwa watu waungwana. Mmoja alikuwa mgeni aliyetaka kuelekezwa, na nikafurahi kumsaidia. Ninaelewa kabisa kwa nini mtu mpweke, aliyehamia mahali asipomjua yeyote, hufungua orodha hiyo usiku, na simlaumu hata kidogo. Lawama yangu naielekeza kwa aliyemwekea mlango usio na komeo.

Lipo pia jambo la marafiki, ambalo Snapchat ililileta mbele ilipoanzisha ramani yake, Snap Map, Juni 2017. Pale wanaokuona ni marafiki zako tu, nayo programu ina hali ya kujificha ambayo unaweza kuiweka kwa saa kadhaa au hadi utakapoizima. Kimuundo ni bora kuliko orodha ya wageni. Hata hivyo, neno rafiki katika programu humaanisha mtu yeyote uliyewahi kumkubali, na vijana wengi wamekubali watu wengi sana. Kabla ya kuiwasha, pitia orodha hiyo jina kwa jina na ujiulize kama ungempa kila mmoja wao anwani ya nyumbani kwako, kwa maana ndicho unachokifanya: ramani ikikuonyesha mahali pamoja kila usiku, hakuna haja ya mtu kuuliza unapolala.

Na hata kati ya watu wawili wanaopendana, lokesheni isiyo na mwisho ina uzito wake. Nimeandikiwa na mtazamaji aliyeeleza kwamba mchumba wake alimtaka aiwashe siku zote, na kila ilipozimika, hata kwa betri kuisha, yalifuata maswali. Ruhusa ambayo huwezi kuiondoa bila kuadhibiwa haiwezi kuitwa ruhusa. Ndiyo maana naupenda muda wa saa 8 kuliko chaguo la kudumu: kila siku mpya inakupa nafasi ya kuamua upya, na kutotuma hakuonekani kama kufunga mlango usoni pa mtu.

Upande wa simu yenyewe, tumieni ulinzi ambao tayari mnao. Tangu iOS 14, mfumo wa iPhone wa mwaka 2020, na Android 12 ya mwaka 2021, simu inaweza kuipa programu lokesheni ya kukadiria badala ya ile kamili. Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya faragha, ingia kwenye huduma za mahali, chagua programu, kisha uzime swichi ya mahali kamili. Kwenye Android, chaguo la kukadiria huonekana pale programu inapoomba ruhusa. Chagua pia kwamba isome lokesheni wakati unaitumia tu. Nilirudia jaribio langu simu ya mdogo wangu ikiwa na mpangilio huo, na maduara yangu yakanipeleka mbali kabisa na jengo alimokuwa. Kwa programu yoyote ya kuzungumza na wageni, sioni sababu ya kuacha swichi hiyo ikiwaka.

Alama ninazozitoa: lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, 8 kati ya 10, ikikatwa mbili kwa sababu ya ile alama inayobaki kwenye mazungumzo na kwa sababu hainipi nafasi ya kutuma eneo la jumla tu. Snap Map, 6, kwa wale waliochuja marafiki. Programu ya watu wa karibu niliyoipima, 2.

Nilipomaliza kupima nilizima kipengele hicho kwenye simu yangu, kisha nikafungua simu ya mdogo wangu ili nihakikishe. Bado nilikuwemo kwenye orodha, na picha yangu, na mita 100 zangu. Niliangalia tena baada ya saa moja, nikaangalia kabla ya kulala. Jina langu lilitoweka siku iliyofuata asubuhi, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kuiondoa lokesheni kwenye ruhusa zote za programu hiyo na kuifuta akaunti yenyewe.