Mnara wa Kengele wa Xi'an: usiishie kupiga picha chini, panda juu

Nianze na jibu maana najua wengi mnataka kujua tu kama inafaa kulipia kupanda huu mnara: ndiyo, lipa tiketi upande juu. Watu kibao wakifika Xi'an, China, wanasimama ng'ambo ya barabara usiku, wanaupiga picha mnara ukiwa umewashwa taa, kesho yake wanaenda kuwaona wale askari wa udongo halafu basi, wanahesabu mji wameumaliza. Mi naona wanajinyima kabisa.

Niliyeenda naye ni mdogo wangu, anasoma huko chuo, na muda wote huo alikuwa hajawahi kupanda, anaupita tu akienda madukani. Akaniambia dada hela yako bora ukale nyama, mnara wenyewe unaonekana na chini bure. Nikamwambia twende, nalipa mimi. Tulivyokuwa tunashuka yeye ndo alikuwa anaongea bila kukata.

Kwanza muelewe ulivyokaa. Upo katikati ya makutano ya barabara kuu nne za mji wa kale, ya mashariki, magharibi, kusini na kaskazini, kwaiyo magari yanauzunguka, ni kipilefti kama ile ya Askari pale Posta, Dar, ila badala ya sanamu ndogo katikati kuna jumba la mbao limekaa juu ya kitako cha matofali, vyote pamoja mita 36. Huwezi kuvuka barabara ukaenda moja kwa moja, unashuka kwenye njia ya chini ya ardhi halafu unafuata alama mpaka lango. Treni ya chini inakufikisha hapo hapo, kituo kinaitwa Zhonglou, laini ya 2 na ya 6. Na jamani hii mi ilinigusa: walipojenga laini ya 2 hawakupitisha handaki la treni chini ya mnara, njia mbili za reli zimeachana, moja imepita upande huu nyingine upande ule, zikishaupita zinarudi pamoja, ili mtetemo usiuumize. Mji wa mamilioni ya watu unakunja reli kwa heshima ya jengo la mbao.

Tiketi nilivyoenda mimi ilikuwa yuan 30 kwa mnara huu peke yake, au yuan 50 ukichukua pamoja na Mnara wa Ngoma ambao uko jirani tu, kutembea dakika chache. Chukueni ya 50. Bebeni pasipoti halisi, siyo picha kwenye simu, China sehemu nyingi za kihistoria wanaiulizia. Na kuhusu malipo, unganisha kadi yako na Alipay au WeChat kabla hujasafiri, utaskani kila mahali mpaka kwa muuza maji.

Sasa juu. Ngazi zina mwinuko, wazee wapande taratibu na wenye magoti mabovu wafikirie mara mbili. Ukifika kwenye kile kitako cha matofali unakuta uwanja unaouzunguka mnara pande zote nne, na hapa ndipo hela yako inaporudi. Simama upande wa kusini utaona barabara imenyooka mpaka lango la kusini la ukuta wa mji, Yongning. Geuka kaskazini, barabara imenyooka hivyo hivyo kuelekea lango la Anyuan. Mashariki na magharibi nako vile vile. Ndo nikaelewa kwamba mji mzima umepangwa kutokea hapo niliposimama, na ukuta wenyewe upo mpaka leo umezunguka kilomita 13 na ushee. Hiki kitu ukiwa chini na simu yako hukipati hata ungepiga picha mia.

Halafu kuna habari ambayo wageni wengi wanaondoka hawaijui, na mi ndo iliyonifanya niupende huu mnara: haukujengwa pale. Ulijengwa 1384, zama za Ming, ukoo wa wafalme uliotawala China wakati huo, enzi za mfalme Hongwu, sehemu nyingine kabisa, kama kilomita 1 kuelekea magharibi. Sasa mji ulivyopanuliwa enzi hizo za Ming kwenda mashariki na kaskazini, malango na barabara kuu zikawa na mpangilio mpya, mnara ukajikuta uko pembeni. Mwaka 1582 wakaamua kuuhamisha. Wakaufungua vipande vipande, wakavibeba, wakaujenga tena pale kwenye makutano, kitako cha matofali ndo kilichojengwa kipya, jumba la mbao likawa lile lile. Waliweza kwa sababu ya ufundi wenyewe, mbao zimechongwa zikashikana zenyewe, huyu ana ulimi yule ana tundu, kwaiyo ukijua mpangilio unaweza kuzichomoa na kuzirudisha. Inua macho chini ya paa uangalie vile vibao vilivyopandanishwa tabaka kwa tabaka, wanaviita dougong, ndo vinavyobeba uzito wote wa paa na kuusambaza kwenye nguzo. Mi nilikaa hapo shingo juu mpaka mdogo wangu akaanza kuniita.

Na kabla hata ya kuhamishwa ulishapita kwenye tetemeko la Shaanxi la 1556, lile ambalo kumbukumbu za Kichina zinasema liliua watu zaidi ya laki nane, katika matetemeko yote yanayojulikana duniani hakuna lililotajwa kuua watu wengi kuliko hilo. Mbao zinayumba zinarudi, ndo faida yake.

Kwa nje ukiuangalia unaona mapaa matatu yamepandana, vigae vya kijani vinang'aa, lakini ndani ghorofa ni mbili tu. Juu kileleni kuna pambo lililofunikwa dhahabu. Milango usiipite haraka, ina michoro ya kuchonga, kila kibao kina kisa chake, ukienda na mtu anayejua hadithi za Kichina atakueleza moja moja. Maelezo ya Kiingereza yapo ila mafupi, kwaiyo usiende mtupu, soma kidogo kabla. Ndani kwenyewe nisiwadanganye, ni vyumba vyenye maonyesho ya vitu vya kale na kuna muda wanapiga kengele za zamani kwa ajili ya wageni, ni nzuri, inaisha upesi. Utamu uko nje kwenye ule uwanja.

Kengele sasa. Pale juu kwenye kona ya kaskazini magharibi imening'inizwa kengele kubwa ya shaba na watu wanapanga foleni kupiga nayo picha, ila muelewe ile ni nakala. Kengele yenyewe ya asili inaitwa Jingyun, ilisubuliwa mwaka 711, zama za Tang, ukoo wa wafalme wa kabla ya Ming, mji ukiwa bado unaitwa Chang'an, ina uzito wa tani 6 hivi na kimo chake karibu mita 2 na nusu, na mwilini ina maandishi yaliyoandikwa na mfalme Ruizong mwenyewe. Hiyo iko makumbusho ya Beilin, Msitu wa Mawe yenye Maandishi, karibu na ukuta wa kusini. Kwaiyo kengele imeuzidi umri mnara kwa zaidi ya miaka 670! Wenyeji wana hadithi kwamba mnara ulipohamishwa kengele ikagoma kulia vizuri mahali papya, ikabidi waibadilishe. Ukishaona nakala pale juu nenda kaione mama yake, utaona tofauti ya shaba iliyoishi.

Muda wa kupanda: mi napendekeza jioni kabla jua halijazama. Unakuta mwanga mzuri wa picha, unaona barabara zote, halafu taa zinawashwa ukiwa juu. Ila angalieni saa za kufunga kwa msimu huo maana zinabadilika. Wikendi na jioni za joto kunajaa, wasichana wamevaa nguo za kale za Kichina na nywele zimepambwa maua, kila kona kuna mpiga picha na taa yake, inabidi usubiri upate nafasi kwenye ukingo. Mi walinipendeza sana aisee, rangi zile na mnara nyuma. Lakini ile wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu yao ya taifa, tafadhali usiende kama una hiari, nchi nzima inasafiri.

Mkishuka nendeni Mnara wa Ngoma. Huu ni mkubwa wake kwa umri, ulijengwa 1380, miaka minne kabla. Zamani kengele ilikuwa ya asubuhi na ngoma ya jioni, mji unaamka na kulala kwa sauti za hii minara miwili. Ngoma zimepangwa juu pande mbili, 24, kila moja ina jina la kipindi kimoja cha kalenda ya wakulima wa Kichina, na kuna watu wanakuja kupiga ngoma saa maalum, hilo onyesho msikose, kifua kinatetemeka. Kwangu mimi ukinilazimisha kuchagua, mtazamo bora ni wa Kengele, burudani bora ni ya Ngoma.

Na ukipita chini ya tao la Mnara wa Ngoma unatokea mtaa wa Waislamu wa Kichina wanaoitwa Wahui, wako hapo kwa karne nyingi. Kwa sisi tunaoangalia halali hapa ndo raha ilipo. Kuna ile supu ya kondoo na mkate, paomo, wanakupa mkate mgumu unaukata mwenyewe kwa vidole vipande vidogo vidogo kwenye bakuli, unarudisha kwa mpishi anamimina supu na nyama. Vipande vidogo ndo vinavyokolea, usifanye uvivu hapo. Msikiti Mkuu uko kwenye kichochoro cha Huajue humo humo ndani, majengo yake mengi ni ya zama za Ming, ukiingia unadhani ni hekalu la Kichina, mnara wake una paa la pembe nane, ila kila kitu kimeelekea magharibi, Makka. Mzee mmoja pale mlangoni nilimtolea salamu, assalaam alaykum, akaitikia kwa furaha kubwa, akatuuliza kwa ishara tunatoka wapi, mdogo wangu akamjibu kwa Kichina, tukaonyeshwa pa kutawadhia. Tuliswali Magharibi hapo.

Nyota 4 na nusu kati ya 5. Nusu nimeitoa kwa ajili ya ngazi, mtu wa kiti cha magurudumu pale juu sijui angefikaje, na kwa maelezo machache kwa wageni wasiojua Kichina. Ukiwa na siku moja tu, anza Beilin asubuhi uone kengele yenyewe, mchana kula mtaa wa Wahui, alasiri Mnara wa Ngoma, jua likianza kushuka uwe juu ya Mnara wa Kengele. Mwenye swali kuhusu tiketi au usafiri wa kutoka uwanja wa ndege aulize, nitajibu.