Ikulu ya ʻIolani, Honolulu: panda hadi chumba cha ghorofani

Kiongozi wa basi la watalii lililotuleta, ambalo jina la kampuni yake nalihifadhi, alitueleza kwa uchangamfu kwamba Hawaii "ilijiunga" na Marekani mwaka 1898. Ndani ya ikulu hii, iliyokamilika mwaka 1882 enzi za Mfalme Kalākaua, kitenzi hicho hakikudumu nusu saa.

Mgeni huvishwa vifuniko juu ya viatu ili asikwaruze sakafu, kisha hutembea akisikiliza maelezo masikioni. Ukumbi wa enzi unapendeza, ila mimi niliganda ghorofani, katika chumba alimofungiwa Malkia Liliʻuokalani, mtawala wa mwisho wa ufalme wa Hawaii, kwa takriban miezi minane mwaka 1895. Samani ni haba. Kinachotazamwa ni mfarishi wa viraka vya hariri alioanza kuushona kifungoni, uliotariziwa bendera za ufalme uliokwisha kuangushwa.

Chanzo kikubwa cha kuangushwa huko kilikuwa sukari. Mkataba wa mwaka 1875 uliwawezesha wenye mashamba ya miwa kuuza Marekani bila ushuru, lakini sheria ya mwaka 1890 iliifutia ushuru sukari ghafi ya nchi nyingine pia na kuwapa wakulima wa Marekani ruzuku ya senti 2 kwa ratili, na baadhi ya matajiri wa visiwani wakaona dawa ni visiwa vyenyewe kuwa Marekani. Januari 1893, Malkia alipotaka katiba mpya ya kurejesha mamlaka ya kiti chake, walimpindua huku askari 162 wa manowari USS Boston wakiwa wameshashushwa mjini. Wenyeji zaidi ya 21,000 walitia saini kupinga mwaka 1897, na mkataba wa kuvitwaa visiwa ukakwama katika Seneti; mwaka uliofuata, vita na Hispania vilipoipa bandari ya Pearl Harbor thamani mpya, likapitishwa azimio lililohitaji wingi wa kawaida tu wa kura. Ekari zipatazo milioni 1.8 zikaenda Marekani bila wenyeji kuridhia wala kulipwa, jambo ambalo Bunge la Marekani lenyewe lilikiri lilipoomba radhi mwaka 1993. Radhi hiyo, nionavyo, haikurudisha hata ekari moja.

Kiingilio hakikuniuma. Tenga saa mbili: basi letu lilitupa dakika 45, nami nikalazimika kurudi kesho yake kwa miguu.