Seti ya kung'olea akrabu za saa: nyenzo na kalamu safi, vilivyobaki ni mapambo

Niliiagiza mtandaoni kwa shilingi 2,600, ikaletwa na bodaboda hadi mlangoni, Kibokoni, Mombasa. Kwenye kijaluba mna bisibisi, kibano, lenzi ya jicho, kishikilio cha plastiki, nyenzo mbili za kung'olea akrabu na kalamu ya kuzikandamizia. Mimi niliitaka kwa kazi moja tu. Kronografu yangu, yaani saa ya mkono yenye akrabu za kupimia muda, ni ya kutia ufunguo, na kila nikiirudisha sifuri, akrabu ndefu ya katikati inasimama alama mbili mbele ya 12.

Wenye kronografu za betri wana raha. Nyingi unavuta kifungo cha ubavuni, unabonyeza kibonyezo kilicho kando yake, akrabu inasogea hatua kwa hatua mpaka mahali pake. Ya springi, kama yangu, haina njia hiyo. Ndani mna nyundo inayopiga kipande chenye umbo la moyo, na moyo huo hugeuka ukatulia pale pale kila mara. Akrabu iliyopachikwa upande itarudi upande huo huo hadi kiama. Dawa ni kuing'oa na kuipachika upya.

Ila kabla hujatoa hela, ijaribu saa yako: anzisha, simamisha, rudisha, tena na tena. Ikikosea mahali pamoja siku zote, seti hii itakufaa. Ikisimama mara hapa mara pale, basi akrabu imelegea kwenye mhimili wake, au nyundo na moyo havielewani. Hiyo ni kazi ya fundi, usijitie kimbelembele.

Nyenzo ndizo zilizonifurahisha. Ncha zake ni nyembamba na hazina makwaruzo, zinaingia chini ya kitovu cha akrabu bila kulazimisha. Unaziweka pande mbili zinazotazamana na kuzikandamiza kwa pamoja. Ukitangulia upande mmoja utapinda mhimili. Chini yake tandika kitu usiuchune uso wa saa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, lakini karatasi ya plastiki ya kufungia mkate bado ipo, na ni laini kuliko chochote nilichokiona kwenye seti. Nyingine ifunike juu, kwa sababu akrabu ikichomoka huruka. Pangaboi nalo lizimwe. Joto letu mnalijua, kwa hiyo fanyeni alfajiri, jasho lisije likadondokea mashine.

Kuna jambo karatasi ya maelezo haikuligusa. Mashine ikishatoka kwenye ganda haina vibonyezo, kwa hiyo wenzo wa kurudishia sifuri unausukuma mwenyewe kwa kijiti, unaushikilia hivyo hivyo ili nyundo iukamate moyo, ndipo unaipachika akrabu juu ya 12. Ikandamize kidogo tu kwanza. Anzisha, rudisha, tazama kwa lenzi. Ikikaa sawa, ndipo uimalizie. Kalamu inafaa sana hapa: ncha zake ni za plastiki na zina tundu katikati, haikuacha hata alama.

Lawama zangu ni kwa kile kishikilio. Kinaibana mashine pembeni na kuiacha katikati ikining'inia hewani, na katikati ndipo kilipo kito, kijiwe kidogo kinachobeba mhimili unaoukandamiza. Kito kikipasuka, gharama yake itaimeza bei ya seti nzima. Nilikiweka kando nikaazima kishikilio cha chuma kwa mzee mmoja fundi wa saa, jirani. Alipoziona bisibisi alicheka: "Mwanangu, hizi ni za kufungulia redio." Kweli, ncha zimeanza kupinda, na hata skrubu za mfuniko sizifungui nazo tena.

Nyota tatu. Ukipata duka linalouza nyenzo na kalamu peke yake, nunua hizo, na pesa itakayobaki ununue mpira mpya wa mfuniko wa nyuma. Ukishaifungua saa, usiurudishe ule mkuukuu: kwa unyevu wa pwani hii, kioo kitaingia ukungu kwa ndani.