Gone Girl na The Mirror & the Light: taharuki ipi inadumu?

Gone Girl, riwaya ya Gillian Flynn (2012), niliimaliza kwa siku mbili. Sura moja anasimulia Nick, inayofuata ni shajara ya mkewe Amy aliyetoweka, nami nikawa nahama upande kila mara: mwongo ni huyu, hapana, ni yule. Katikati mambo yanapinduka, nikajikuta narudi kurasa za nyuma kutafuta nilipopotezwa. Lakini nilipoisoma mara ya pili, ile hofu haikuwapo. Ulibaki ufundi tu, ingawa ni ufundi mkubwa.

The Mirror & the Light ya Hilary Mantel (2020), riwaya ya kihistoria, ni mlima. Kurasa ni nyingi mno, na wahusika wanaoitwa Thomas ni wengi, wanachanganya kweli. Mwisho wake nao umo katika vitabu vya historia: Thomas Cromwell, mshauri wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alikatwa kichwa Julai 1540. Najua, na bado natetemeka! Mantel anasimulia kwa wakati uliopo, kwa hiyo Cromwell haijui kesho yake. Natamani kumshika mkono asiingie kwenye kile kikao cha baraza alichokamatwa.

Kwa safari ndefu, beba Flynn. Mimi ninachokirudia ni hiki cha Mantel.